Mpango wa pamoja wa maji ya chini umekwama? Soma dalili kabla ya kumlaumu jirani

Shehia tatu zikichota maji kwenye mwamba mmoja wenye maji chini ya ardhi, tatizo moja hupata majina matatu. Wa pwani husema chumvi imeingia. Wa kati husema pampu imechoka. Wa juu hawasemi kitu, maana kwao maji yapo. Ukiwakalisha pamoja utatoka na malalamiko ya kutosha kujaza daftari, na hapana hata namba moja ndani yake.

Mwongozo huu ni kwa kamati za maji za shehia, masheha, mafundi wa visima, wasimamizi wa hoteli, na maofisa ambao siku moja hujikuta kwenye meza ya bonde la mto lenye nchi mbili au zaidi. Nimeuandika kwa visima vya Unguja na Pemba kwa sababu ndivyo ninavyovijua. Hatuna nchi jirani chini ya miguu yetu, bahari imetukata pande zote. Lakini hitilafu za mpango wa nchi mbili na za mpango wa shehia mbili ni zilezile. Tofauti ni urefu wa hotuba.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: msigawane maji kabla ya kuyapima pamoja, siku moja, kwa kipimo kimoja, watu wa pande zote wakiwa wamesimama kwenye kisima kilekile. Mipango inayoanza na mgao huvunjika kwenye kiangazi cha kwanza kikali.

Kabla ya yote: ni mtambo, ni kisima, au ni maji yenyewe?

Migogoro mingi ninayoitiwa huwa si ya maji. Ni valvu ya kuzuia maji kurudi imeota chokaa, au bomba limetoboka chini ya barabara, au umeme ni mdogo na pampu inavuma bila ya kusukuma. Jirani ameshatukanwa, na maji yako palepale yalipokuwa mwaka jana.

Kutenganisha ni kazi ya asubuhi moja. Zima pampu usiku. Alfajiri, kabla hajachota mtu, pima kutoka ukingo wa kisima hadi uso wa maji. Hayo ni maji yaliyotulia. Washa pampu, subiri saa mbili, pima tena. Kipimo cha kwanza kinakupa habari za mwamba mzima, cha pili kinakupa habari za kisima chako peke yake.

Vipimo vyote viwili viko kama zamani lakini tangi halijai? Tafuta kwenye pampu, bomba na umeme, na mkutano usiitishwe. Yaliyotulia yako palepale, ila pampu ikiwaka yanazama kuliko ilivyokuwa? Kisima kimeziba: matundu ya bomba la chujio yameshikwa na chokaa, au mchanga umejaa chini. Kisafishwe. Yaliyotulia yameshuka kwako na kwa wenzako, kwa msimu uleule? Sasa hilo ni jambo la wote, na kurasa zinazofuata ni zenu.

Hayo maneno "kwa msimu uleule" yasikupite. Kisima cha Februari, kiangazi kimepamba moto, hakilinganishwi na kisima cha Juni baada ya masika. Linganisha Februari na Februari. Na ukumbuke kwamba maji huchelewa: mvua ya masika huanza Machi, lakini kwenye visima virefu maji yanaweza kuendelea kupanda hata baada ya mvua kukatika.

Kifaa hakihitaji fedha nyingi. Tepu ndefu, na kwenye ncha yake kikombe kidogo cha chuma kilichofungwa mdomo chini. Kikigusa maji hulia, na usiku mtulivu sauti yake husikika vizuri. Kwenye kisima cha bomba chenye nyaya na mipira ndani, tafuta tepu ya umeme inayolia yenyewe, la sivyo utanasa kikombe, pampu na heshima yako.

Maji yanakolea chumvi

Hii ndiyo dalili yenye kelele zaidi, na ndiyo inayotambuliwa vibaya zaidi.

Kwenye visiwa kama vyetu, maji matamu ya pwani hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani. Yanaelea, kwa sababu ni mepesi kidogo. Hesabu ya Ghyben na Herzberg, inayotumika tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni kama jahazi lililopakia: kidogo kinaonekana juu, kingi kimezama. Na jahazi ukilipunguzia shehena, mkuku wake hunyanyuka. Ukishusha uso wa maji kwa nusu mita tu na ukakaa hapo, chumvi ya chini itapanda taratibu kama mita 20. Kwa uhalisi mambo huwa mabaya kuliko hesabu, kwani baina ya matamu na chumvi pana tabaka la mchanganyiko, na mwamba wa matumbawe wenye nyufa hulinenepesha tabaka hilo.

Wala haihitaji bahari nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama miligramu 19,000 za kloridi, na ulimi huanza kuonja chumvi kwenye miligramu 250 hivi. Ndoo mbili za bahari ndani ya ndoo mia za maji matamu zinatosha kuharibu chai.

Sababu ziko nne, na kila moja ina dawa yake. Kuzichanganya ndiko kunakoleta mipango mibovu.

Ya kwanza ni pampu kuvuta chumvi kutoka chini yake. Utaitambua kwa saa: dakika kumi za mwanzo maji ni matamu, saa ya tatu yamebadilika, na ukikipumzisha kisima siku chache yanarudi. Hapa hapana mgogoro na mtu. Weka pampu ndogo ifanye kazi saa nyingi badala ya kubwa ifanye saa chache, inyanyue ikae karibu na uso wa maji, na kama kisima kilichimbwa kirefu kupita haja, kizibwe sehemu ya chini. Fundi anayelipwa kwa mita hatakushauri uchimbe kifupi. Visima vifupi vitatu vilivyotawanyika huchota maji matamu zaidi kuliko kirefu kimoja chenye nguvu.

Ya pili ni bahari yenyewe kusogea ndani ya ardhi. Utaitambua kwa miaka: kupumzisha kisima hakusaidii, chumvi ya Februari hii imepita ya Februari iliyopita, na visima vinaharibika kwa safu, vya ufukweni kwanza kisha vya nyuma yake. Hii ndiyo ya kukutana. Jumla ya maji yanayotolewa, juu na chini, imezidi yanayoshuka na mvua, na kumzimia mmoja pampu hakutabadilisha kitu.

Ya tatu ni kujaa na kupwa. Kwenye mwamba wenye mapango, bahari hupumua ndani ya visima. Kamati moja ikipima wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na nyingine wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, zitatoka na majibu mawili, na kila moja itaapa kwamba mwenzake anadanganya. Pande zote mbili zinasema kweli. Andika siku ya mwezi wa angani na saa ya kujaa pembeni mwa kila kipimo. Wavuvi watakusaidia bila ya malipo, na utakuwa umewaingiza kwenye kazi watu ambao kawaida hakuna anayewaita mkutanoni.

Ya nne husahauliwa: chumvi isiyotoka baharini. Karo za nyumba, yale mashimo ya maji machafu ya chooni, hutia chumvi pia. Na pale penye mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji, uliza swali moja tu: yale maji machafu yaliyobaki, makali kuliko yalivyoingia, yanamwagwa wapi? Yakirudishwa kwenye shimo la uwanjani, mwamba utayarudisha kwa mtu.

Kwa kupima, nunueni kile kipimo cha mkononi kinachosoma umeme unaopita kwenye maji, kwa maikrosimensi. Maji ya bahari husoma karibu 50,000. Kisima kizuri husoma mamia. Kikishapita 1,500 au 2,000, wazee wataanza kuacha kukinywea chai kabla kamati haijafungua daftari. Muhimu kuliko namba yenyewe ni mwendo wake. Kisima kinachosoma 900 kila mwaka ni kizima. Kilichotoka 400 kikafika 700 kinakwambia jambo.

Na sasa hoteli, maana mtu yeyote aliyekaa kwenye barza ya pwani ya mashariki anajua mazungumzo yanakoishia. Utafiti uliochapishwa 2001 kuhusu utalii katika pwani hiyo ulikuta wastani wa lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, dhidi ya lita 48 za mkaazi. Namba hiyo ni haki kuitaja mkutanoni. Lakini haitoshi kuthibitisha nani aliyekiharibu kisima chako. Hoteli nyingine haichoti ufukweni kabisa. Maji yake huja kwa boza, gari la tangi, kutoka kisima cha mbali, kwenye shehia ambayo haikualikwa. Kwa hiyo ramani ya mpango ionyeshe pahala boza linapojazwa, sio pahala linapomwagwa. Kosa hili nimelikuta mara kwa mara: ramani yenye majengo yote ya ufukweni na isiyokuwa na kituo hata kimoja cha kujazia.

Kisima kimoja kikiwashwa, kingine kinakauka

Kabla ya kukubali au kukataa, jaribuni. Kubalianeni usiku mmoja visima vyote vya eneo vizimwe. Alfajiri pimeni vyote. Washeni kimoja tu, kile kinachoshukiwa, na kwenye vingine mkae mkipima kila nusu saa hadi adhuhuri. Kikishuka cha jirani, mmeona kwa macho. Kisiposhuka, mmeona pia. Mtu wa kila upande asimame kwenye kisima cha upande mwengine, si kwenye chake. Jambo dogo, lakini huua ubishi wote wa baadaye.

Pemba msishangae jaribio likisema hapana. Kisiwa kile ni cha vilima na mabonde, na tabaka za udongo wa mfinyanzi hukata maji vipande vipande, hata visima viwili vinavyoonana visiwe na uhusiano wowote. Ukifika Micheweni kwenye ardhi ya mawe mambo hubadilika. Unguja nako, upande wa magharibi wenye kinongo, udongo mwekundu wa kina, si sawa na uwandani mashariki, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, ambako maji hupita kwenye nyufa: kisima cha jirani kilicho karibu kikabaki salama na cha mbali kikashuka, kwa sababu ufa unaelekea huko. Mpango unaochora duara moja kwa kila kisima haujui mambo ya uwandani.

Wazee watakukumbusha harimu ya kisima, ile ardhi ya pembezoni ambayo fiqhi humkataza mwengine kuchimba ndani yake; dhiraa 40 ndiyo inayotajwa sana, kama mita 20 hivi. Msiidharau. Ni kanuni ambayo watu tayari wanaiheshimu, na kanuni inayoheshimiwa ni mtaji. Lakini iliwekwa kwa ndoo na kamba. Pampu ya umeme kwenye mwamba wenye nyufa hufika mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo lichukueni wazo lenyewe, na masafa yatoke kwenye jaribio lenu.

Maji yananuka au yanabadilika rangi baada ya mvua

Hapa siwezi kuwa mrefu, kwa sababu sababu karibu ni moja: maji ya juu yanaingia chini bila ya kuchujwa. Mito kadhaa ya Unguja haifiki baharini juu ya ardhi. Huzama kwenye chokaa. Kinachotupwa mtoni juu hunywewa kisimani chini, na baina ya hapo pana shehia kadhaa zisizoonana. Karo zisizojengewa chini hufanya vilevile, hasa pale miji inapopanda juu ya ardhi iliyokuwa ikinyonya mvua.

Pimeni vijidudu vya kinyesi na naitreti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti ni miligramu 50 kwa lita. Naitreti ikipanda pamoja na chumvi, tazama karo kabla ya kutazama bahari. Klorini kwenye tangi itawakinga watu wiki hii, haitatibu mwamba. Dawa ya mwamba ni shehia ya juu kukubali kuacha eneo fulani bila ya karo kwa faida ya shehia ya chini, na hilo halikubaliwi bure. Uliza wa juu wanataka nini. Mara nyingi ni bomba tu: maji yanapita chini ya miguu yao na hayajawahi kutoka kwenye mfereji wao.

Madaftari mawili hayakubaliani

Niliwahi kuonyeshwa daftari la vipimo, safi, limepigwa mistari kwa rula, na safu nzima ya "hali ya maji" imeandikwa: yapo, yapo, yapo, machache, yapo. Daftari la shehia ya pili lilikuwa na namba, lakini kwa futi mwanzoni na mita baadaye, na hakuna aliyejua ukurasa ulikobadilika. Mkutano wa siku ile ulikuwa wa kulinganisha hayo mawili.

Hitilafu za madaftari ni hizihizi kila pahala. Kipimo kimechukuliwa kutoka ukingo wa saruji, kisha ukingo ukajengwa ukapanda, na kina kikaonekana kimeongezeka kwa usiku mmoja. Kipimo kimechukuliwa pampu ikiwaka. Kipimo kimechukuliwa na mtoto wa mpimaji. Na kubwa kuliko zote: kila kisima kimepimwa kutoka ukingo wake, na hapana anayejua ukingo wa nani uko juu kwa kiasi gani kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo haiwezekani kusema maji yanaelekea wapi. Dawa ni alama ya rangi kwenye ukingo wa kila kisima, ipimwe kimo mara moja na mpima ardhi kwa visima vyote, na isiguswe tena.

Nchi nazo huumwa ugonjwa huu, tena kwa gharama kubwa. Ramani ya miamba ya nchi moja hufika mpakani ikasema mchanga. Ya jirani huanza palepale ikasema chokaa. Mwamba haukubadilika, waliobadilika ni wachoraji. Ndiyo maana vifungu vya sheria kuhusu miamba ya maji inayovuka mipaka, vilivyopokewa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 63/124 la Disemba 2008, vinazitaka nchi zibadilishane taarifa kila mara, pamoja na kutodhuriana kwa kiasi kikubwa. Vifungu hivyo si mkataba, havimfungi mtu. Lakini ukivisoma utaona kwamba kupima kumepewa nafasi kubwa, na wenye kuviandika hawakuwa wajinga.

Sahihi zipo, ila hakuna anayefunga valvu

Mkutano ulikwenda vizuri, wali ulikuwa mzuri, kila mtu alitia sahihi. Kiangazi kimekuja na pampu zote zinavuma.

Tazama kwanza nani aliyetia sahihi. Kama wenye kuchota hawakuwemo, karatasi ni ya watu wasiokuwa na valvu. Mfano ninaoupenda ni wa Geneva, ambako mwamba mmoja wa maji umekaa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Maji yalipokuwa yameshuka zaidi ya mita 7, mkataba wa 1978 haukuwa wa serikali kuu mbili. Ulikuwa baina ya jimbo la Geneva na mkoa wa Haute-Savoie, watu walio karibu na visima. Walikubali kila kisima kiwe na mita. Upande wa Ufaransa ukawekewa kikomo cha mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, milioni 2 za mwanzo zikiwa bila ya malipo, na zinazozidi hapo zichangie gharama za kituo cha kurudisha maji ya mto Arve ardhini, kilichoanza kazi 1980. Kamati ilikuwa ya watu sita, watatu kila upande. Muda wa miaka 30 ulipokwisha wakaufanya upya mkataba, wenye kusaini upande wa Ufaransa safari hii wakiwa jumuiya za mitaa zenyewe. Angalia kilichomo: mita, kikomo, bei, kamati ndogo. Hapana shairi.

Tazama pili kama mpango unangoja chombo kipya. Argentina, Brazil, Paraguay na Uruguay zilisaini mkataba wa mwamba wa Guarani Agosti 2010. Ulianza kufanya kazi Novemba 2020. Miaka kumi. Kwa upande mwengine, Namibia, Botswana na Afrika Kusini, wenye mwamba wa Stampriet, mwaka 2017 hawakuunda ofisi mpya. Waliingiza ushirikiano wao ndani ya kamisheni ya mto Orange-Senqu iliyokuwepo tangu 2000. Nilipendalo hapo ni kwamba kiti kilikuwa tayari, wakaongeza ajenda. Kwetu pia, kabla ya kuunda kamati ya kumi, angalia kama baraza la wilaya haliwezi kuwa na siku moja kwa msimu ya kusoma vipimo vya visima.

Hapa huulizwa sana kuhusu Muungano, kwa hiyo nijibu. Maji si jambo la Muungano. Bara ina mabonde yake tisa na sheria yake ya rasilimali za maji ya 2009. Zanzibar ina Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006, iliyoanzisha Mamlaka ya Maji, ZAWA. Mapatano baina ya Tanzania na Kenya kuhusu mto Umba au bonde la Pangani hayatagusa kisima cha Makunduchi. Lakini mtaalamu wetu anayealikwa kwenye meza hizo asikae kama mgeni wa harusi: chumvi inayoingia kwenye visima vya pwani, kule Vanga na Tanga, ni ugonjwa ambao sisi tumeuishi muda mrefu.

Tazama tatu kama karatasi ina namba ya kuchukulia hatua. "Tutapunguza matumizi hali ikiwa mbaya" haizimi pampu, kwani hali mbaya ya nani? Andikeni hivi: kisima fulani, chenye alama ya rangi, kikisoma zaidi ya maikrosimensi 1,200 kwa vipimo viwili vinavyofuatana vya maji mafu, boza hazijazwi baada ya adhuhuri. Kikipita 1,500, hazijazwi kabisa, na mabwawa ya kuogelea hayaongezwi maji. Namba hizo ni za mfano, zenu zitoke kwenye vipimo vyenu. La msingi ni kwamba zikubaliwe wakati wa masika, watu wakiwa wameshiba maji na hawana hasira. Kiangazi hapana anayekubali kitu.

Tazama mwisho fedha. Mpimaji asiyelipwa nauli hupima miezi mitatu. Shilingi chache kwa kila boza linalojazwa zingemlipa mwaka mzima, na zingetoa pia hesabu ya maboza, ambayo ndiyo namba adimu kuliko zote.

Mvua zimekuja nzuri na watu wameacha kupima

Kawaida. Vuli ikiwa nzuri na masika yakafuata, daftari husahauliwa msikitini au skuli. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi za mvua kwa mwaka na Pemba kama 1,900, na watu wakiona maji yanapita barabarani hawaamini kwamba chini kuna upungufu. Punguzeni kazi, msiiache: visima vitatu tu, mara moja kila mwezi, mwezi wa angani ukiwa na siku saba. Kipimo cha mwaka mzuri ndicho kitakachowaambia mwaka mbaya umeshuka kutoka wapi.

Kisima kimekufa kwa chumvi

Kama masika mawili yamepita na kisima hakijarudi, kiondoeni kwenye orodha ya maji ya kunywa na ya kupikia, na muiandike hiyo hasara kwenye mpango kwa jina la kisima, ili isije ikazungumzwa kama uvumi. Ng'oeni pampu. Msikifukie, wala msikigeuze shimo la takataka au karo, ambalo ndilo kosa la haraka linalofanywa. Kifunikeni kwa mfuniko wenye tundu la kupitisha tepu, na kiwekeeni kufuli, funguo mbili, moja kila shehia. Hakichotwi tena na mtu, kwa hiyo maji yake ni yaliyotulia saa zote, na hapana mwenye maslahi ya kudanganya kipimo chake. Kipimeni cha kwanza kila mwezi.